Boza la Ijumaa

Ngara Mjini,
11 Juni 1995

Dada Zita,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute na nguvu zako, pamoja na shemeji Elick, watoto, na baba mkwe wako mzee Ndassa. Anayekuletea ni Privatus wa lori la maharage. Amebeba pia mkungu wa ndizi kutoka kwa Mama. Ukiona vichana vimepungua, muulize yeye, usiniulize mimi.

Mama hajambo. Bado yuko Kirushya na Nimpaye, yule binti Mrundi aliyefika kwetu mwaka juzi akiwa na khanga moja mwilini. Wanalima pamoja, wanagombana kuhusu chumvi, na jioni wanasali rozari. Kwa hiyo usihangaike.

Sasa shida yangu, na tafadhali usinicheke. Unajua nimepata kazi ya bustani kwenye shirika moja la misaada hapa mjini. Wana uwanja wa nyasi mbele ya ofisi, ukoka mtupu, walioupanda ili magari yao yasiwatimulie vumbi. Mkuu wetu ni mama wa Ulaya anaitwa Birgit. Aliponiajiri alinionyesha uwanja akaniambia, "Hii ndiyo kazi yako." Basi. Nyasi zikifa, sina kazi, na bila kazi hii Mama atakula nini? Maharage ya msimu huu yamekauka yakiwa na maua.

Kiangazi kimeanza mapema na nyasi zinageuka rangi. Boza, lile gari la maji ya bustani, linakuja Jumanne na Ijumaa. Nami namwagilia kila jioni, nafyeka hadi chini kabisa, usafi mtupu, lakini zinazidi kufa. Mzee Ndassa alitunza nyasi za bomani miaka mingi. Mwulize walifanyaje wakati wa jua kali. Uniandikie upesi.

Ni mimi mdogo wako,
Telesfori


Biharamulo,
2 Julai 1995

Mdogo wangu Telesfori,

Marahaba. Barua yako imekaa njiani kama mgeni asiyetaka kuondoka. Siku hizi magari yanasubiriana hadi wapatikane polisi wa kuyasindikiza porini, na Privatus anasema wiki iliyopita walishambuliwa kwa risasi na majambazi wakiwa na polisi hao hao. Mkungu umefika. Vichana viwili havikufika.

Sisi ni wazima. Mimi ni mzito, natarajia Septemba, na safari hii miguu inavimba. Elick yuko shambani. Wewe je, utaoa lini? Umri huo bado unajifulia mwenyewe, unaona raha gani?

Nimecheka, ndiyo. Mtoto wa Kirushya kulipwa ili amwagilie nyasi. Kwetu uwanja ni udongo uliofagiliwa, na nyasi tunazozijua ni za ng'ombe, za kuezekea na za kutandaza migombani. Mzee Ndassa hakucheka. Aliposikia unafyeka hadi chini alishika kichwa. Akasema, "Mwambie huyo kijana anawaogopa nyoka, ndiyo maana anaua nyasi." Kisha akanikalisha mchana kutwa, nami na tumbo langu, nikaandika.

Anasema usimwagilie kila siku. Maji ya kila jioni yanabaki juu, na mizizi nayo inabaki juu ikisubiri kulishwa, kama mwanamume aliyezoea kupikiwa. Mwagilia alfajiri, kabla ya upepo. Mimina taratibu hadi udongo ulowe kina cha kiganja, kuanzia kwenye kifundo cha mkono hadi ncha ya kidole. Chimba pembeni upime kwa mkono wako. Kisha acha. Usirudie hadi nyasi zenyewe ziseme. Utajuaje? Zikanyage. Zikiinuka mara moja, hazina kiu. Alama ya mguu wako ikibaki palepale, na rangi ikawa ya kijivu kama moshi, hapo ndipo umwagilie.

Fyekeo lipite juu juu, nyasi zibaki na urefu wa kidole, zijitilie kivuli zenyewe. Ulizokata ziache hapo hapo zifunike udongo. Mbolea usitie kabisa wakati wa jua. Na maji yakikosekana kabisa, anasema, ziache zilale. Ukoka ukilala unakuwa rangi ya mkate, watu wanadhani umekufa. Ukivuta shina ukakuta pale kwenye kifundo chake ni peupe na pagumu, uko hai, unasubiri mvua. Asiukanyage mtu tu.

Haya, somo limekwisha. Sasa nijibu la kwangu. Umeniandikia ukurasa mzima wa nyasi na mistari mitatu ya Mama. Chemchemi ya bondeni bado inatoa maji? Mwaka huu kila mahali nasikia chemchemi zinakatika.

Dada yako,
Zita


Ngara Mjini,
23 Julai 1995

Dada Zita,

Shikamoo, na pole kwa miguu. Kuhusu kuoa, nitaoa siku utakapoacha kuniuliza.

Mwambie mzee Ndassa namwinamia. Nimefanya kila alichosema. Wiki mbili za kwanza niliogopa, maana uwanja ulionekana kama kichwa cha mtu asiyenyoa. Sasa ungeuona. Asubuhi natembea katikati, nageuka nyuma, na nyayo zangu hazionekani. Nachimba, naingiza mkono, na ubaridi unafika kifundoni. Nyasi zimesimama, na maji zinayotumia hayafiki nusu ya yale niliyokuwa nikiyamwaga zamani.

Uliuliza chemchemi. Imekatika tangu mwanzoni mwa Juni. Sikukuandikia ili usihangaike. Lakini sikiliza jinsi Mungu alivyopanga. Yale maji ambayo nyasi hazihitaji yananibakia tangini. Siku ya boza, kazi ikiisha, nafunga madumu kwenye baiskeli na kushuka nayo Kirushya. Mama anasema yana harufu ya hospitali, kwa ajili ya ile dawa wanayotia, lakini anakunywa na kusifu. Hata jirani Matiasi anakuja na ndoo yake. Mlinzi wa getini ni mtu wa huku kwetu, wa Keza, hana maneno.

Mama Birgit hajui kuhusu madumu. Kuhusu nyasi anajua, na amefurahi kupita kiasi. Jana aliwaleta wakuu wa mashirika mengine waje waone uwanja ulio hai wakati vyao vimekuwa jivu. Nikawaeleza habari ya nyayo na kina cha kiganja. Wakaandika. Mmoja akaniuliza tunatumia maji kiasi gani kwa wiki, nikamwambia ukweli, kwamba tunatumia nusu tu. Dada, sijawahi kusikilizwa hivyo na watu wazima.

Mdogo wako,
Telesfori


Biharamulo,
10 Agosti 1995

Telesfori,

Marahaba. Huku hatujambo, isipokuwa mtoto wa pili ana surua, na mimi silali vizuri.

Barua yako imenifurahisha kwenye madumu na imenitia hofu mwishoni. Umewaambia wenye maji kwamba unahitaji nusu tu. Mwenye maji akisikia hivyo atafanya nini, Telesfori? Chema chajiuza. Ungenyamaza, nyasi zingejisifu zenyewe. Lakini tangu utotoni ukipewa kofi la pongezi unageuza na shavu la pili.

Nakuomba kitu kimoja, nacho nakiomba kwa uzito. Mpandishe Mama kwenye lori la Privatus aje hapa hadi mvua zinyeshe. Kisima chetu kimeshuka lakini hakijakauka. Najua atasema hawezi kuiacha migomba na kaburi la Baba. Mwambie Baba hatoki pale. Mwambie nahitaji mtu wa kunishika nitakapojifungua, hiyo ataisikia. Na Nimpaye aje naye.

Usinijibu kwa habari za nyasi. Nijibu lini anakuja.

Zita


Ngara Mjini,
29 Agosti 1995

Dada mpendwa,

Shikamoo. Mtoto mwenye surua anaendeleaje? Mpeni maji mengi.

Nimeongea na Mama kuhusu safari. Anasema atakuja mvua ikianza, apande maharage kwanza. Unamjua. Anaendelea vizuri, tumbo tu linamsumbua kidogo.

Hapa kazi imekuwa ngumu. Walipunguza boza. Sasa linakuja Ijumaa tu, maana walipiga hesabu wakaona bustani inatosheka na nusu. Halafu Jumatano ijayo wanakuja wageni wakubwa kutoka Ulaya, wale wanaotoa fedha za shirika, na watapokelewa kwenye uwanja. Mama Birgit alinishika bega akasema, "Telesfori, nakutegemea." Nyasi zimeanza kuwa kijivu upande wa jua. Mzee Ndassa angesema zilale, lakini wageni hawawezi kuonyeshwa nyasi zilizolala. Ijumaa hii nitamimina kwa utaratibu, zitakuwa zimeamka kufikia Jumatano. Nimezuia magari kupita na nimewahamisha hata bata.

Nitakuandikia wageni wakiondoka.

Telesfori


Biharamulo,
4 Septemba 1995

Telesfori,

Sitakusalimu sana, nimekaa roho juu.

Privatus alipita Kirushya kuchukua maharage kwa Matiasi. Alimkuta Nimpaye njiani na ndoo. Alikuwa ametoka kuchota kule kwenye tope chini ya njia kuu, pale wanapofulia watu na kunywea ng'ombe, na ambapo siku hizi hata watu wa kambi ya wakimbizi wanachota. Alipomuuliza Mama yuko wapi, alisema amelala ndani. Saa nne asubuhi, Mama yetu amelala ndani. Privatus alisimama mlangoni akamsalimia, naye akaitikia bila kutoka.

Na wewe unaniandikia umehamisha bata.

Boza lilipopunguzwa, madumu ya Mama yalikwenda wapi? Ulidhani sitauliza? Umeandika "tumbo kidogo" kama mtu anayetaja mvua ndogo. Huko kwenu watu wanakufa kwa kuhara damu, kila anayepita hapa anasema.

Sikiliza. Ziache nyasi zilale. Zikilala hazifi, mzee Ndassa amekuambia na anarudia sasa hivi hapa nikiandika. Maji yote ya boza yapeleke kwa Mama. Kama huwezi kuyaiba, nenda kwa huyo mama Birgit useme, "Mama yangu anaumwa, hana maji." Atakufanya nini? Naye alizaliwa na mtu. Mpeleke Mama hospitali kwa baiskeli, kwa machela, kwa mgongo wako.

Ningekuja mwenyewe. Elick amenificha viatu.

Zita


Kirushya,
24 Septemba 1995

Dada,

Shikamoo. Najua habari ulizipata kwa mdomo wa Privatus na kwamba hukuweza kuja. Barua yako ya tarehe nne ilinifikia siku tatu baada ya kumzika Mama. Magari yalikuwa yamezuiwa porini. Lakini sitajificha nyuma ya barabara. Uliyoniandikia nilikuwa nayajua kabla hujayaandika.

Nitakueleza jinsi ilivyokuwa, maana ukisikia kwa wengine utasikia vibaya zaidi, au vizuri kuliko inavyostahili.

Boza lilipopunguzwa niliendelea kushusha dumu moja moja, baadaye nikaacha. Maji yaliyokuja yalitosha nyasi tu. Nilimwambia Mama avumilie hadi wageni wapite, kisha nitabana tena. Akasema sawa. Hakunilalamikia hata mara moja, na hilo ndilo linaloniua.

Ile Ijumaa kabla ya wageni, boza lilifika asubuhi. Nilikuwa nimeshika mpira nikimwagilia upande wa jua, mlinzi akaja kuniita. Nimpaye alikuwa getini. Alikuwa ametembea tangu usiku. Alisema Mama anaharisha damu siku ya tatu, na mganga wa zahanati ameagiza anywe maji safi yaliyochemshwa, yenye sukari na chumvi, anywe bila kukoma, na pale nyumbani hakuna ila ya tope, na kuni nazo hakuna, vilima vyote vimekatwa. Nilimjazia dumu moja, nikamtwika. Akaniuliza, "Moja tu, kaka?" Nikamwambia arudi Jumamosi, nitampa zaidi.

Kisha nikarudi kwenye mpira, nikamimina boza lote. Taratibu, hadi udongo ukalowa kina cha kiganja. Nilipima kwa mkono.

Jumamosi Nimpaye hakurudi, alikuwa anamuuguza. Ningeweza kwenda mwenyewe. Nilifyeka kingo.

Jumatano wageni walikuja. Nyasi zilikuwa kijani, Dada, kijani kabisa, pengine uwanja pekee wa kijani kati ya hapa na Biharamulo. Walisimama juu yake kwa muda wa kunywa soda. Mwanamke mmoja alivua viatu akacheka. Walipoondoka ndipo nikapata ujasiri, nikamwendea mama Birgit, nikamwambia. Alinitazama akasema, "Mbona hukuniambia mapema?" Palepale akatoa gari na madumu na nesi. Ilikuwa rahisi namna hiyo. Nilikuwa nimeogopa mlango ambao haukuwa na kufuli.

Tulifika Kirushya jioni. Mama alinitambua. Aliniuliza kama wageni waliridhika. Alifariki Alhamisi kabla ya jua kuchomoza.

Sasa kuna jambo la nyasi za matanga, ambalo najua umelisikia nusu nusu. Unajua kwetu nyumba ya msiba haikaliwi udongo mtupu, wanawake wanatandaza nyasi na kulala juu yake hadi siku ya kuzifagia. Zilitafutwa zikakosekana. Vilima vimeungua, na mabonde yameliwa na ng'ombe. Shangazi Francisca alikuwa akilia akisema mama wa watoto atalaliwa matanga juu ya vumbi kama mtu asiye na kwao. Nikapanda baiskeli bila kuaga. Nilifika ofisini mchana, nikachukua fyekeo, nikakata uwanja wote hadi kwenye udongo, kama nilivyokuwa nikifanya mwanzo. Hakuna aliyenizuia. Nilijaza magunia, nikayafunga, nikashuka nayo nikiyasukuma.

Nilipoyamwaga uwanjani kwetu wanawake walisogea kutazama. Nyasi mbichi kiangazi, kila mtu alijua zimetoka wapi, na Nimpaye alikuwa ameshawaeleza habari ya dumu moja. Shangazi Francisca aliinama akashika konzi moja, akainusa. Akasema, "Hizi zimekunywa alipokosa yeye. Hatuzilalii." Akazikusanya kwa mikono yake akazitupa njiani. Walilala juu ya udongo siku zote za matanga, na mimi nililala nje. Mbuzi wa Matiasi walikuja wakazila.

Niliporudi kazini nilikwenda moja kwa moja kwa mama Birgit ili anifukuze. Nilitaka anifukuze. Alitazama uwanja ulivyo mweupe, akanipa pole ya msiba, akasema, "Usijali. Mvua ikinyesha zitaota." Basi. Kile nilichokilinda kuliko Mama, mwenyewe alikuwa hakithamini hivyo.

Niliacha kazi siku hiyo. Sasa niko hapa, nalima. Nimpaye ananipikia lakini hanisemeshi. Nilikuwa nikimwambia kila mtu kwamba niling'ang'ania kazi kwa ajili ya Mama, na mwanzoni ilikuwa kweli. Lakini ile Ijumaa sikumfikiria Mama. Nilifikiria rangi ya nyasi na watu wakinisifu. Nimekuandikia hili ili usije ukanitafutia udhuru.

Mdogo wako,
Telesfori


Biharamulo,
30 Oktoba 1995

Telesfori,

Barua yako nimeipata, na nilichelewa kujibu kwa makusudi. Kila nilipoanza niliandika matusi, na karatasi ni ghali.

Nilijifungua tarehe kumi na moja Septemba, siku nne baada ya Mama. Ni msichana, mzima, analia kwa nguvu. Jina alimpa Elick. Watu walitarajia nimpe la Mama. Sikuweza kulitamka.

Mzee Ndassa aliuliza habari za uwanja wako. Nilimwambia umekatwa wote. Akauliza na nani, nikamwambia na wewe. Amekuwa mzee ghafla, na tangu hapo hazungumzii tena nyasi za bomani.

Sasa nitakueleza kinachonikera, na si kile unachodhani. Kukosea watu wanakosea. Ni pale ulipoandika kwamba ulimimina hadi udongo ukalowa kina cha kiganja, ukapima kwa mkono. Hilo nilikufundisha mimi. Niliandika kwa mkono wangu, na tumbo mbele yangu, nikijiona nimemsaidia ndugu yangu alinde kazi ili Mama ale. Usiku nikinyonyesha natazama kiganja changu mwenyewe. Kwa hiyo usidhani unabeba peke yako, na usidhani ninapokuambia hivi nakupunguzia. Najisemea mwenyewe.

Huku mvua imeanza. Huko bila shaka pia. Panda maharage yale aliyoyatunza Mama kwenye chungu cha mlangoni, usiyaache yatobolewe na wadudu. Kaburi lake lifanyie kingo kabla maji hayajakata udongo. Ukimaliza, mlete Nimpaye kwangu. Binti yule amezika mama wawili, wa kwao na wetu, naye hana mtu. Nina nafasi, na mtoto anahitaji mlezi.

Ukimleta usimwache stendi. Fika nyumbani. Watoto watakusalimu, Elick atakutolea kiti, nami nitakuwekea maji ya kunawa na chakula, kama anavyowekewa ndugu yeyote. Utalala, na asubuhi utarudi. Nakuomba tu usiniulize kama nimekusamehe, kwa sababu utaniuliza mbele ya watu na nitalazimika kusema ndiyo.

Dada yako,
Zita